Torricelli, Aliyepima Uzito wa Hewa

Huko Athi River, katika Machakos, lipo eneo la viwanda vya bidhaa za kupelekwa nchi za nje, liitwalo EPZ, lililotokana na sheria ya Kenya ya mwaka 1990. Mahali hapo pako juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,500. Fundi wa Mombasa akiitwa huko kufunga pampu ya kuvuta maji kutoka katika tangi, asiichukue hesabu yake ya pwani kama ilivyo, maana itamhasiri. Aliyetufumbulia siri hiyo ni Evangelista Torricelli, na leo twapenda kueleza khabari zake.

Alizaliwa Rome tarehe 15 Oktoba 1608. Jamaa yake mmoja, mtawa, ndiye aliyemsimamia katika masomo, kisha akasoma hisabati kwa Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo. Mwaka 1641 alikwenda kumkhudumia Galileo mwenyewe, naye ni mzee, kipofu, amezuiliwa nyumbani kwake karibu na Florence. Walikaa pamoja miezi mitatu tu; Januari 1642 Galileo akafa, na mtawala wa Toscana akamweka Torricelli mahali pake.

Siku zile mafundi walikuwa wamekwisha ona kwamba pampu haivuti maji kupita mita kumi hivi. Wanazuoni walifuata kauli ya kale, ya kuwa maumbile hayakubali pawe mahali patupu. Galileo alidhani kuwa maji hukatika kwa uzito wake, kama kamba. Torricelli hakuridhika na kauli kwa kuwa ni ya wakubwa, alitaka ushahidi. Yeye aliona kwamba pampu haivuti kitu: huondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda.

Kwa shauri lake, baina ya mwaka 1643 na 1644, Viviani alijaza zebaki katika mrija wa kioo, akaupindua ndani ya bakuli ya zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kadiri ya sentimita 76. Nayo ni nzito kuliko maji mara 13.6, ukizidisha wapata mita 10.3 za maji, ndio mpaka ule ule wa mafundi. Ikabainika kuwa sisi twaishi chini ya bahari ya hewa. Mwaka 1648, shemeji yake Pascal alipanda mlima wa Ufaransa na mrija kama huo, na zebaki ikapungua. Torricelli hakuyaona hayo. Alifariki Florence tarehe 25 Oktoba 1647, umri wake miaka 39.

Basi mpiga mbizi ajua kuwa kadiri azamavyo ndivyo maji yamwelemeavyo. Mombasa tuko chini kabisa ya bahari hiyo ya hewa, na shinikizo lake ni kilopaskali 101. Athi River ni kadiri ya 85, ambazo haziwezi kuinua maji zaidi ya mita 8.6. Lakini geji ya kawaida haikwambii hayo. Huanza kuhesabu kutoka hewa iliyoizunguka, na kwa tangi lililo wazi husema sifuri Mombasa, na sifuri Athi River. Shinikizo kamili hupatikana kwa kujumlisha hewa ya mahali.

Tuseme geji ya upande wa kuvuta yaonyesha 50 chini ya sifuri. Mombasa zimebaki 51; Athi River zimebaki 35. Maji ya joto la digrii 75 yahitaji kadiri ya 39 ili yasichemke. Kwa hiyo Mombasa yatapita salama, na Athi River yatachemka ndani ya bomba, hali geji zote mbili zasema neno moja. Mapovu yakiingia katika pampu hupasuka kwa kishindo kama cha kokoto, yakala chuma chake, na pampu ikafa kabla ya siku zake.

Kwa hivyo mwenye kufanya hesabu ya kuvuta, na ya mvuke wa maji, aifanye kwa shinikizo kamili, aulize kwanza kimo cha mahali, kisha atoe msuguano wa bomba. Geji haikusema uwongo. Imesema nusu ya khabari, na nusu ya pili ndiyo aliyotuachia Torricelli.