Daftari la mseminari wa Bergamo



Likizo ya Noeli imekwisha, kengele ya alfajiri imerudi kazini, na katika kurasa za kwanza za madaftari yetu mapya yamo maazimio. Kusali rozari kila siku. Kutosinzia wakati wa tafakari. Kuacha kusengenya. Parokiani nako ni vivyo hivyo: familia zimeahidi sala ya pamoja jioni, jumuiya ndogondogo zimeahidi kukutana bila kukosa. Tunajua pia, maana huu si mwaka wetu wa kwanza, kwamba mengi ya hayo hayafiki Jumatano ya Majivu. Ndiyo sababu mwezi huu tumechagua kumkumbuka mtu aliyeandika maazimio yake kwa zaidi ya miaka 60, na ambaye daftari lake lenyewe linashuhudia kwamba aliyavunja mara nyingi.

Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, jimbo la Bergamo, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Giovanni Battista na Marianna, walilima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Watoto nyumbani walizidi kumi. Mzee mmoja wa ukoo, Zaverio, ndiye aliyemzoesha sala tangu utotoni. Mwaka 1892 akaingia seminari ya Bergamo, na mwaka 1895, akiwa bado mvulana wa miaka 13, akaanza kuandika daftari lake la kiroho.

Kurasa za kwanza hazina jambo la kushangaza. Ni kanuni za maisha ambazo walezi waliwapa vijana waliotaka kukua katika ibada na masomo, naye akazinakili kwa mkono wake. Zilipangwa kwa namna inayofaa kuangaliwa: yapo ya kila siku, ya kila wiki, ya kila mwezi, ya kila mwaka. Kila siku robo saa ya tafakari baada ya kuamka, Misa, kusoma kidogo kitabu cha kiroho, na kutafuta dhamiri kabla ya kulala. Kila wiki kitubio. Kila mwezi siku ya kujipima na kuzungumza na mlezi wa kiroho. Kila mwaka mafungo. Hakuna hapo azimio la kuwa mtakatifu ifikapo Desemba. Ni mambo ambayo usiku ukifika mtu anaweza kujiuliza kama ameyafanya au la.

Na Angelo alijiuliza kweli. Tukilisoma daftari lake la miaka ile tunamkuta kijana anayejishtaki kwa makosa tunayoyafahamu vizuri mno. Mawazo yake yanatangatanga wakati wa rozari. Usingizi unamwelemea katika tafakari. Anapenda kutoa maoni juu ya kila jambo kama mjuzi wa yote. Zaidi ya yote, anaongea sana. Likizo ndiyo iliyokuwa mtihani wake mkubwa: akifika Sotto il Monte ratiba inalegea, sala zinafupishwa, mazungumzo yanarefuka. (Frateri yeyote aliyerudi likizo wiki hii hahitaji maelezo zaidi.) Anaandika kwamba ameshindwa, anaomba msamaha, kisha anaandika azimio lilelile upya. Mwezi unaofuata, hivyo hivyo.

Mwaka 1898 paroko wake, Padre Francesco Rebuzzini, alifariki ghafla. Angelo alimpenda kama baba. Kumbukumbu aliyobaki nayo ni kile kitabu cha Kumfuasa Kristo alichokuwa akikisoma padre huyo.

Mwaka 1901 alipelekwa Roma kusoma teolojia, lakini kabla mwaka haujaisha akaitwa jeshini, akatumika mwaka mzima huko Bergamo. Maisha ya kambini yalimwumiza hata akayafananisha na utumwa wa Babeli. Aliporudi Roma alipata mlezi wa kiroho, Padre Francesco Pitocchi, Mredemptori. Ndipo mnamo Januari 1903 alipoandika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo muhimu kuliko yote katika daftari hilo.

Mpaka hapo alikuwa amejiwekea vielelezo, hasa Mtakatifu Aloisi Gonzaga. Alitazama kila tendo la mtakatifu na kujaribu kulifuata jinsi lilivyo, na kila siku alijiona yuko mbali naye. Sasa alitambua kosa lake. Yeye hakuwa Aloisi. Hakuzaliwa katika nyumba ya Aloisi, wala hakuwa na tabia yake. Alitakiwa kuchukua kiini cha fadhila za watakatifu na kukiishi kwa hali yake mwenyewe, kama vile chakula kinavyogeuka kuwa damu ya mwili unaokila. Hakuacha kanuni zake ndogo baada ya hapo. Aliacha kuzitumia kama kipimo cha kujilinganisha na mwingine. Tunadhani maazimio yetu mengi hufa kwa sababu hii hasa: tumeyanakili kutoka kwa jirani anayeonekana kusali vizuri kuliko sisi.

Alipewa daraja ya upadre Roma tarehe 10 Agosti 1904. Akawa katibu wa Askofu Radini Tedeschi wa Bergamo, kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawahudumia majeruhi hospitalini. Mwaka 1925 akafanywa askofu na kutumwa Bulgaria, ambako Wakatoliki walikuwa wachache kati ya Waorthodoksi. Huko alikaa karibu miaka kumi. Katika mafungo yake ya mwaka 1926 aliandika kwamba msalaba wake hautoki kwa Wabulgaria, unatoka katika ofisi za Kanisa lenyewe. Aliazimia kunyamaza na kuvumilia. Yule mvulana mwenye maneno mengi alikuwa anajifunza taratibu.

Kutoka huko alikwenda Uturuki na Ugiriki, na mwishoni mwa 1944 akatumwa Paris kuwa balozi wa Papa. Alifika siku mbili kabla ya mwaka kuisha, na tarehe 1 Januari 1945 akamtolea Jenerali de Gaulle salamu za mwaka mpya kwa niaba ya mabalozi wote. Serikali ilitaka maaskofu wengi waondolewe kwa kudaiwa kushirikiana na utawala wa Vichy. Roncalli alizungumza kwa subira, na mwisho wakaondoka wachache tu. Hata hivyo, katika mafungo yake ya miaka ile aliendelea kuandika juu ya kuulinda ulimi, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1953 akawa Kardinali na Patriaki wa Venice, na tarehe 28 Oktoba 1958 akachaguliwa kuwa Papa Yohane XXIII. Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa namna ya pekee, kwani ndiye aliyemfanya Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo, Tanganyika, kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Mambo ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano yanajulikana, hatuyarudii.

Turudi kwenye daftari. Mnamo Septemba 1962, mwezi mmoja kabla ya kuufungua Mtaguso, alijitenga kwa mafungo ya juma moja katika mnara wa San Giovanni ulio ndani ya bustani za Vatikano. Maaskofu wa dunia nzima walikuwa wakijiandaa kuja Roma, na yeye alikuwa karibu kutimiza miaka 81. Alichukua kalamu, akajipima, akaandika tena. Alifariki tarehe 3 Juni 1963. Madaftari yake alikuwa amemwachia katibu wake, Loris Capovilla, aliyeyachapisha mwaka uliofuata.