Madaftari Mawili ya John Newton

Masomo: Mwanzo 3:9-13, Hesabu 5:5-7, Luka 19:1-10



Jumapili tulisoma jinsi Adamu alivyomsukumia Hawa lawama, na Hawa naye akamsukumia nyoka. Tulicheka sana. Lakini baada ya ibada mshirika mmoja alinishika mkono pale mlangoni, akaniuliza, je, na mtu ambaye alikosewa kweli? Baba aliwaacha kweli, shamba likachukuliwa na mjomba kweli. Huyo naye aambiwe anyamaze?

Hilo ni swali la haki, na pale mlangoni sikulijibu vizuri. Leo nalijibu kwa maisha ya John Newton, mtunzi wa wimbo wa Amazing Grace, ule ambao tumeuimba kwenye harusi na kwenye mazishi.

Kwanza mniruhusu niseme jambo la biashara, kwa sababu ndiyo niliyosomea. Mfanyabiashara huwa na madaftari mawili. Moja lina majina ya watu anaowadai. La pili lina majina ya watu wanaomdai yeye. Nilipomaliza chuo nilifungua duka dogo, na daftari la kwanza nililijua kwa moyo: nani alichukua unga, nani alichukua sukari, na tangu lini. Daftari la pili sikulifungua. Duka lilikufa kabla ya mwaka kuisha, na kwa muda mrefu nilisema ni wateja wa mkopo walioniua. Walichangia, ndiyo. Lakini pesa ya kununua bidhaa ilitolewa kwenye droo na mkono wangu mwenyewe, ikaenda kwa mambo ya kujionyesha. Basi mtazame Newton mkiwa na madaftari hayo mawili akilini.

Daftari la kwanza lilikuwa na majina ya kweli.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mtu wa kusafiri miezi mingi. Mama yake ndiye aliyemfundisha Neno la Mungu. Mwaka 1732 mama akafariki kwa kifua kikuu, mtoto akiwa hajatimiza miaka 7. Baba akaoa tena, na kijana akapelekwa shule ya bweni. Alipofika miaka 11 akaanza maisha ya baharini pamoja na baba.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza. Alijaribu kutoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wenzake na kuvuliwa cheo. Baadaye akahamishiwa meli ya biashara iliyokwenda Afrika Magharibi, na huko akawa mfanyakazi wa Mzungu mmoja aliyefanya biashara ya watumwa katika visiwa vya Plantain, nchi tunayoiita leo Sierra Leone. Akaugua homa. Mwanamke wa tajiri yule, Mwafrika mwenye mamlaka pale nyumbani, alimnyima chakula na kumdharau. Alikonda, akabaki na nguo zilizoraruka. Waliomhurumia ni watumwa waliokuwa kwenye minyororo. Kwa siri, wakiogopa kuonekana, walimgawia kutoka kwa kile kidogo walichopewa wao. Mlishike jambo hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo, mpendwa, kama ni kukosewa, Newton alikosewa. Hakuna jina katika daftari lile lililokuwa la uongo.

Machi 1748, akiwa njiani kurudi nyumbani katika meli iliyoitwa Greyhound, dhoruba kali iliwapiga usiku, maji yakaingia melini, baharia mmoja akachukuliwa na mawimbi. Newton, aliyekuwa bingwa wa matusi na wa kumkufuru Mungu, akajisikia akiomba rehema. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake.

Na hapa ndipo sisi huwa tunamalizia ushuhuda wake. Dhoruba, toba, kisha wimbo. Watu wanapiga makofi, tunapokea sadaka, tunaenda nyumbani. Lakini tarehe hazikubali.

Dhoruba ilikuwa 1748. Mwaka huohuo Newton akapanda meli ya watumwa kama msaidizi wa nahodha. Kuanzia 1750 hadi 1754 aliongoza safari tatu, sasa yeye mwenyewe akiwa nahodha. Alisoma Biblia, aliomba, aliwaongozea mabaharia ibada siku ya Jumapili. Na chini ya mbao alizosimama akiongoza ibada, watu walikuwa wamelazwa katika minyororo. Alipohisi wanapanga maasi aliwabana vidole gumba kwa kifaa cha chuma ili waseme, na kati ya waliobanwa walikuwamo vijana wadogo. Watu wale walitoka pwani ileile ambako watumwa walikuwa wamemlisha alipokuwa na njaa.

Aliacha safari mwaka 1754, lakini si kwa sababu dhamiri ilimshinda. Alianguka ghafla kwa ugonjwa, daktari akashauri asisafiri tena. Akapata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, mji uliotajirika kwa biashara ileile. Mwaka 1764 akawa mchungaji katika mji mdogo wa Olney, na mwaka huohuo kikachapishwa kitabu cha maisha yake. Humo alieleza kifo cha mama yake, viboko vya jeshini, njaa ya visiwani, matusi yake na dhoruba. Kuhusu biashara ya watumwa alisema kazi ile haikumpendeza. Hakusema ilikuwa dhambi. Wimbo wake mashuhuri ulitumika mara ya kwanza kanisani Olney siku ya mwaka mpya wa 1773, na wakati huo bado hakuwa amesema lolote hadharani dhidi ya biashara hiyo.

Na kama angetaka kujitetea, maneno yalikuwepo. Sheria ya Uingereza iliruhusu. Wenye meli ndio waliotoa amri. Kulikuwa na Waafrika waliouza wenzao pale pwani. Makanisa mengi yalinyamaza. Yeye alikuwa kijana asiye na mama, aliyetupwa baharini tangu utotoni. Sikiliza vizuri, mpendwa: kila moja ya sababu hizo ni ya kweli. Ndiyo maana kulaumu wengine ni kitanda kizuri cha kulalia. Mara nyingi hatudanganyi. Tunasema ukweli wa daftari moja tu.

Mwaka 1785 mbunge kijana aitwaye William Wilberforce alikuja kwa Newton kwa siri kutafuta ushauri wa kiroho, na Newton akamtia moyo abaki Bungeni amtumikie Mungu huko. Wilberforce ndiye aliyekuja kuongoza vita vya kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1788 Newton, sasa mchungaji mwenye heshima London na umri wa zaidi ya miaka 60, alifungua daftari la pili mbele ya watu wote. Alichapisha kijitabu kuhusu biashara hiyo, akaeleza jinsi watu walivyobanwa chini ya meli, walivyoteswa, walivyokufa. Hakuandika kama mtu aliyesimama pembeni. Alikiri kwamba alishiriki kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kukiri kwake kumechelewa. Akaenda pia kutoa ushahidi mbele ya kamati za serikali na za Bunge. Watetezi wa biashara hawangeweza kumwambia hajui anachosema, maana alikuwa nahodha.

Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika milki ya Uingereza ilipitishwa. Newton alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82.

Kati ya dhoruba ya 1748 na kijitabu cha 1788 ni miaka 40. Sisemi Newton hakuwa ameokoka miaka hiyo, Mungu ndiye anayejua walio wake. Nasema kwamba kuna watu waliovushwa bahari kwa mkono wake, wakauzwa, wakafa mashambani kule ng'ambo, na kukiri kwake hakukumfikia hata mmoja wao. Kulisaidia wale ambao wangefuata. Wale wa kwanza deni lao halikulipwa hapa duniani. Rehema ya Mungu ilimtosha Newton, lakini kuchelewa kwake kulikuwa na bei, na bei hiyo walilipa wengine.

Sasa nimjibu yule mshirika wa mlangoni. Ndugu yangu, usilichome daftari la kwanza. Kama shamba lilichukuliwa, nenda kwa wazee, nenda kortini. Kama ulipigwa, ripoti. Mungu hajatuita tufunike uovu. Ila usisome daftari hilo peke yake. Baba aliyewaacha hajajibu kwa nini wewe hujampigia mtoto wako simu tangu Krismasi. Laana ya ukoo haikukopa pesa ya chama, wewe ndiye uliyeweka sahihi. Bosi mbaya hakukutuma umtukane mke wako jioni.

Zakayo naye angeweza kuwalaumu Warumi kwa mfumo wa kodi. Badala yake alisimama akataja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Na Hesabu 5 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kamili, na aongeze moja ya tano. Toba ya Biblia ina machozi, na ina hesabu pia.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya ibada ya Jumatano, chukua karatasi. Andika jina la mtu mmoja tu unayejua ana deni lako la haki: pesa, ukweli, au neno la msamaha. Usiandike alichokufanyia, andika ulichomfanyia. Halafu mtafute angali hai.