Delamere na nchi ambayo haikuzaliwa

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili katika wilaya ya Nakuru, nilimwuliza mwalimu wetu wa historia nchi hii ingalikuwaje lau Lord Delamere angalipata yote aliyoyataka. Nilikaripiwa mbele ya darasa zima. Niliambiwa kwamba historia ni elimu ya yaliyotukia, na kwamba anayeshughulika na yasiyotukia aende akatunge hadithi. Nikaketi. Baadaye nami nilikuja kuwa mwalimu, na kwa miaka mingi nimeulizwa swali lile lile na watoto wa watu wengine. Leo naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu, nilijibu.

Lugha yetu yenyewe yatuonyesha kuwa swali hilo si la kipuuzi. Walimu wa sarufi hutufunza kutofautisha -nge- na -ngali-: cha kwanza huacha mlango wazi, cha pili husema kwamba jambo lilikuwa likiwezekana lakini sasa wakati wake umekwisha pita. Lugha iliyojitengenezea kiungo maalumu cha mambo yaliyokosa kuwa haiwezi kuwa lugha ya watu wasiopenda kuyatafakari. Na hapa Bonde la Ufa hakuna maisha ya mtu yanayoistahili -ngali- kuliko ya huyo Delamere.

Jina lake alilozaliwa nalo ni Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akasomea Eton, na alipofiwa na baba yake mwaka 1887 alirithi cheo akiwa kijana wa miaka 17. Masomo hayakumvutia, uwindaji ulimvutia. Alikwenda Usomali mara kadhaa kuwinda simba, na simba mmoja akamwachia jeraha la mguu lililomfanya achechemee maisha yake yote. Katika safari yake ndefu ya mwisho alipita Uhabeshi akashuka kusini hadi Marsabit, na mwaka 1897 akafika nyanda za juu za Laikipia. Baada ya majangwa aliyoyapita, majani mabichi na baridi ya asubuhi vilimteka moyo. Alirudi kwao, akamwoa Lady Florence Cole mwaka 1899, lakini roho yake ilikuwa imebaki huku.

Mwaka 1903 alirejea kuomba ardhi. Maombi yake mawili ya kwanza yalikataliwa. La tatu lilikubaliwa, naye akapewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kamishna wa wakati huo, Sir Charles Eliot, alikuwa akitafuta walowezi kwa udi na uvumba, kwa kuwa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imegharimu fedha nyingi na haikuwa na shehena ya kubeba. Mwanafunzi asisahau jambo hili: nchi ya walowezi haikuanzishwa kwa sababu ya utukufu wa taifa fulani, bali kwa sababu ya reli iliyokosa mizigo.

Njoro ilimwadhibu. Kondoo wa kigeni walikufa. Ng'ombe walishikwa na homa ya mapafu na ndigana. Wamaasai walikuwa wakijua tangu zamani kwamba malisho yale hayafai mifugo, na sayansi ilikuja kuwaunga mkono, kwani udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na madini ya kobalti, na maradhi ya mifugo yaletwayo na upungufu huo yakaja kupewa jina la Nakuru. Delamere alipogeukia ngano, kutu ikaila. Hapo ndipo ustahimilivu wake ulipoonekana, maana aligharimia utafiti wa mbegu ziwezazo kuihimili kutu, na mwaka 1908 akashiriki kuanzisha kampuni ya Unga. Anayekula mkate leo ana deni dogo kwa ukaidi wa mtu huyo, na si haki kulificha deni hilo kwa sababu tu hatupendi siasa zake.

Siasa hizo zilianza mwaka ule ule wa 1903. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amesafiri kwa reli yetu mwishoni mwa 1902, na sasa serikali yake iliwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ahadi ya ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo huitwa wa Uganda, na wanafunzi hudhani ni kosa la ramani. Si kosa tupu: hadi mwaka 1902 Uasin Gishu, pamoja na Nakuru yenyewe, zilikuwa upande wa himaya ya Uganda, ndipo mpaka ukahamishwa kwa amri ya wakubwa. Mkutano wa Wazayuni uliokutana Basel Agosti 1903 ulipiga kura, 295 kwa 178, kutuma wajumbe waje kuitazama nchi. Wajumbe watatu walikuja mwaka 1905; taarifa yao haikuwa ya kutia moyo, na mkutano wa mwaka huo ukaikataa ahadi.

Delamere ndiye aliyeongoza walowezi kuupinga mpango huo, akapeleka simu ya malalamiko hadi kwenye gazeti la The Times la London. Hakuwa akiwatetea Wanandi, waliokuwa bado wakipigania nchi yao chini ya Koitalel arap Samoei hadi alipouawa Oktoba 1905. Alikuwa akitetea ndoto yake dhidi ya ndoto nyingine. Hatimaye ardhi ile iliangukia ndoto ya tatu. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Transvaal walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, wakafunga magari yao ya maksai hapa na kuukwea uwanda wa Uasin Gishu na lugha yao na Biblia yao.

Basi tafakari, msomaji. Katika muda wa miaka mitano tu, eneo moja liliwahi kukaribia kuwa nchi ya Kiyahudi, likawa makao ya Makaburu, na likahesabiwa na Delamere kuwa jimbo la Uingereza mpya. Mtoto wa Eldoret angaliweza kusomeshwa kwa Kiyidi, kwa Kiafrikana au kwa Kiingereza peke yake. Nchi zote tatu zilichorwa kwenye karatasi, na katika karatasi zote tatu ardhi ile ilichorwa kama haina mwenyewe.

Iliyokaribia zaidi kuzaliwa ni ile ya Delamere. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Naivasha na Nakuru wakapelekwa Laikipia kwa mapatano yaliyoahidiwa kudumu kadiri kabila lao lidumuvyo. Yalidumu miaka 7. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1913. Delamere, aliyekijua Kimaasai na kuwapenda wachungaji wake wa Kimaasai, alikuwa mmoja wa walioneemeka na kuhama kwao. Mashamba yake ya Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, yako katika nchi waliyoiacha. Mwaka 1920 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Shabaha yake ilikuwa serikali ya walowezi wenyewe, kama waliyoipata wenzao wa Rhodesia ya Kusini mwaka 1923.

Kwa nini wao waliipata, naye akaikosa? Wao walikuwa zaidi ya 33,000. Wazungu wa Kenya hawakufikia 10,000. Wahindi wa Kenya, waliowazidi Wazungu mara mbili, walidai haki sawa ya kura na wakasikika hadi Bombay na London. Harry Thuku alikuwa amewaamsha Waafrika wa Nairobi, na risasi za Machi 1922 hazikuweza kufichwa. Baadhi ya walowezi walifikia kupanga njama ya kumteka Gavana. Serikali ya London, ikiwa imebanwa pande zote, ilitangaza mwaka 1923 kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia. Tangazo hilo halikumrudishia mtu hata ekari moja, wala halikutolewa kwa huruma; lakini liliufunga mlango wa Delamere. Mwaka 1925 alijaribu mlango mwingine, akawaita walowezi wa nchi jirani Tukuyu, Tanganyika, ili waunde dola moja kubwa. Hilo nalo halikuwa.

Alifariki Novemba 1931, akiwa na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Sanamu yake iliyosimama katikati ya Nairobi iliondolewa uhuru ulipokuja, ikapelekwa huko huko Soysambu, na barabara iliyokuwa na jina lake ikapewa la Kenyatta.

Hili ndilo jibu langu kwa yule mwanafunzi aliyeketishwa. Lau Delamere angalipata alichokitaka, hatuhitaji kuota ili kujua yaliyosalia: Rhodesia ilijitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, ikapigana vita virefu, na haikuwa huru hadi 1980. Nasi tulipigana na kuzika wengi, lakini tulifika mapema kwa miaka 17. Tofauti hiyo haikuletwa na mtu mmoja mkubwa. Ililetwa na kutu ya ngano, na idadi ya watu, na Wahindi wenye maduka, na wachungaji waliokwenda mahakamani wakajua watashindwa.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Ndoto ya nchi safi, ya watu wa aina moja, katika ardhi inayodhaniwa haina mwingine, haikuzikwa Soysambu. Mwaka 1992, na tena mapema 2008, tuliiona ikitembea katika Bonde hili ikiwa na mapanga na mishale, safari hii mikononi mwa Waafrika. Niliwapoteza wanafunzi wakati huo. Wengine walihamishwa na wazazi usiku, na madawati yao yakabaki wazi hadi mwisho wa mwaka. Nao waliowafukuza walikuwa na ramani vichwani mwao, na katika ramani hizo jirani hakuwamo.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mtoto akiuliza ingalikuwaje, msimketishe. Mwulizeni naye: katika nchi hiyo unayoiwaza, ni nani umemsahau kumchora?