Apolo Kivebulaya wa Mboga

Mtu akisimama juu ya vilima vya Toro, katika nchi ya Uganda, na kutazama upande wa machweo, ataona bonde pana lenye majani marefu, na katikati ya bonde mto Semliki ukienda zake polepole. Kushoto kwake itasimama milima ya Ruwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji ingawa iko karibu sana na ikweta. Ng'ambo ya bonde ataona vilima vingine, na nyuma ya vilima hivyo unaanza ule msitu mkubwa wa Kongo. Huko ng'ambo ndiko Mboga, ambako siku hizi huandikwa Boga. Ni mahali padogo. Lakini liko kaburi pale la mtu mmoja aliyetoka mbali, naye hakulazwa kaburini kama ilivyokuwa desturi. Tusome sasa habari za mtu huyo, ili tujue sababu yake.

Alizaliwa katika Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume atanguliaye kuzaliwa huitwa Waswa, na amfuataye huitwa Kato. Basi huyu aliitwa Waswa. Katika ujana wake aliona kazi za waganga wa ramli kwa karibu, akaona na hila zao, wala hakuziamini tena. Kwa muda aliwafuata Waislamu. Kisha akafika Natete, mahali alipokaa Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyekuwa mmisionari, ambaye siku nzima alifua chuma na kupasua mbao huku akifundisha watu kusoma. Waswa alimsikiliza, na maneno yale yakakaa moyoni mwake, lakini hayakuzaa upesi. Baadaye Buganda iliingia vita, watu wakipigana kwa majina ya dini zao, na Waswa naye alichukua silaha. Alikuwa pia mvutaji wa bangi. Tusimfanye kuwa mtakatifu kabla ya wakati wake. Alikuwa kijana askari kama askari wengine wa siku zile.

Alipata koti jekundu la kiaskari, akawa akilivaa pamoja na kanzu yake nyeupe. Watu wakamtania kwa ajili ya koti lile, wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Jina hilo lilimshika mpaka kufa. Nami huona ni ajabu, maana hakuna mwalimu wa siku zile aliyekaa maisha yake kwa namna isiyokuwa ya Ulaya kuliko yeye.

Mwezi wa Januari mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo. Bangi aliiacha, na silaha aliziweka. Mwaka ule ule akaomba apelekwe kuwa mwalimu, si nyumbani kwao katika Buganda, bali katika Toro, chini ya milima ile, mahali palipo baridi na ambapo lugha si Kiganda. Mwaka uliofuata mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa akaitwa Daudi, na watu wengi wakataka kusoma. Walimu walikuwa wachache, kazi nyingi.

Ng'ambo ya Semliki, huko Mboga, alitawala mtemi jina lake Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamekwisha kupelekwa kwake, lakini walirudi. Hawakupigwa wala kufukuzwa. Walirudi kwa njaa. Jambo hili lahitaji kuelezwa. Katika Buganda shamba la ndizi lililimwa na wanawake. Mwanamume alijenga, alipigana, alisafiri, alikwenda barazani kwa mfalme. Kushika jembe alikuona ni aibu. Tena siku zile Waganda walikuwa rafiki za Waingereza, nao walipokwenda nchi za jirani walitazamia kupewa chakula kama wakubwa. Tabaro alilijua hilo. Basi alipotaka kuwaondoa walimu wale, hakuhitaji fimbo wala mkuki. Alinyamaza tu, asiwaletee kitu, nao wakakaa siku chache wakafunga mizigo yao.

Ndipo Apolo alipoombwa aende. Alikubali, na kabla ya kufika alinunua jembe.

Wasomaji wengine watalipita neno hili upesi, lakini naomba wasilipite. Mtu yule alikuwa Mganda, na alikuwa askari wa zamani, na alikuwa mwalimu aliyepelekwa na kanisa. Kila moja katika hayo lingempa haki ya kukaa kivulini na kungoja chakula. Alipolitia jembe begani alijua kwamba watu wa kwao wangecheka, na watu wa Mboga wangestaajabu. Aliona kwamba akiwa mtu wa Kristo hana haja ya kuwa bwana wa mtu ye yote, na kwamba mikono yake ni yake mwenyewe. Akaenda kuvuka Semliki mwezi wa Desemba mwaka 1896.

Hapo Mboga alilima shamba lake, akapanda, akajenga nyumba na kanisa dogo la matete na majani. Jioni aliwafundisha watu herufi. Hapo kwanza Tabaro hakuona ubaya. Lakini wengine walipoanza kusoma, desturi za nyumbani kwa mtemi zikaanza kuguswa, maana Apolo aliwaambia waziwazi habari za ulevi na habari za wake wengi. Tena palikuwa na hofu nyingine, na kwa haki tuikumbuke. Mboga ni nchi ndogo kati ya wakubwa. Watu walijiuliza mgeni huyu ni wa nani hasa. Je, ni mtu wa Kasagama, aliyekuja kuwatia chini ya Toro? Je, ni mtu wa Waganda? Je, ni mpelelezi wa Wazungu, kama jina lake linavyosema? Mtemi mwenye akili hawezi kuacha kuuliza maswali kama hayo, na Tabaro hakuwa mjinga.

Akawakataza watu wasimpe chakula wala wasimwuzie. Amri ile haikumwumiza sana Apolo, maana shamba lake lilikuwa linazaa. Ndipo Tabaro akawa mkali. Apolo akapigwa sana, na kanisa lake likatiwa moto. Waliokuwa wakisoma waliogopa, wengine wakaacha. Naye mwenyewe aliingiwa na hofu. Baadaye alisimulia kwamba katika siku zile za taabu, usiku, alipokuwa akiwaza kukimbia, alimwona Yesu Kristo, akiwaka kama jua, naye alimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Kwa miaka yote iliyobaki aliyasimulia hayo bila kuongeza wala kupunguza. Hakukimbia.

Kisha likaja jambo baya kuliko yote. Mwaka 1898 watu walikuwa wakichukua majani ya kujengea, na pamoja nao alikuwako dada yake Tabaro. Ndani ya majani palikuwa na mkuki, naye akauangukia, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Tabaro, kwa huzuni na kwa hasira, alimshtaki Apolo kwamba ndiye aliyemwua. Apolo akatiwa minyororo, akapelekwa mpaka Toro, akafungwa gerezani. Mtu aliyekwenda Mboga na jembe begani alirudi amefungwa kama mwuaji, akipita katika bonde lile lile alilolipita kwanza kwa furaha.

Alikaa gerezani mpaka ilipoonekana kwamba hana hatia, akafunguliwa.

Sasa alikuwa huru. Hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angeshika njia ya Buganda. Angeweza kukaa Toro pia, ambako walimu walihitajiwa sana, na ambako alikuwa na rafiki wengi. Naye alirudi Mboga. Alivuka Semliki mara ya pili, akapanda vilima, akatokea mbele ya mtu aliyemtia minyororo.

Tabaro alipomwona alishindwa kufahamu. Mpelelezi angalikwisha kukimbia. Mtu wa kutafuta ukubwa angalirudi na askari, adai kulipwa kwa kisasi. Huyu alirudi peke yake kulima shamba lake na kufundisha herufi. Nadhani maswali ya Tabaro yalijibiwa siku ile, kuliko yalivyoweza kujibiwa kwa mahubiri mengi. Taratibu chuki yake ikaisha. Naye mwenyewe akajifunza, akabatizwa, akapewa jina la Paulo, jina la mtu ambaye naye alilitesa kanisa kwanza.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Apolo aliitwa Toro kufanya kazi huko. Mwezi wa Desemba mwaka 1900 alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akafanywa kasisi. Alikuwa ameposa msichana, lakini yule alikufa kabla ya arusi, naye Apolo hakuoa tena; wala hakukaa peke yake, maana nyumbani kwake hawakukosekana vijana wa kulishwa na kufundishwa. Alizunguka milimani na mabondeni kwa miguu, akifungua makanisa madogo ya matete, akiacha mwalimu, akiendelea mbele.

Wakati ule wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiigawanya Afrika kwa mistari katika ramani. Kwa mapatano ya mwaka 1910 Mboga iliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Mto aliouvuka Apolo mara nyingi kama mtu avukaye kijito cha shamba lake, sasa ulikuwa katika njia iendayo serikali nyingine. Waalimu wa upande wa Uganda hawakuweza kuingia kwa urahisi kama zamani, na Wakristo wa Mboga walibaki wachache na wenye mashaka. Basi yapata mwaka 1915 Apolo, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na zaidi, aliwarudia akae nao. Aliacha nchi aliyoheshimiwa na watu wote, akaenda kuwa mgeni tena: Mganda kati ya watu wasio Waganda, kasisi wa kanisa la Waingereza chini ya bendera ya Wabelgiji. Kama kuna mtu angeweza kusema hajui yeye ni wa wapi, ni huyo. Lakini hakusema hivyo. Alisema Kinyoro pamoja nao, alikula walichokula, na jembe lake lilikuwa bado mlangoni.

Mwaka 1921 macho yake yaligeukia msitu. Ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, hodari wa kuwinda, ambao huhama kambi baada ya kambi na kujenga vibanda vya majani katika muda wa saa chache. Walileta nyama kwa wakulima wa ukingoni, wakapewa ndizi. Lakini wakulima wengi waliwadharau, wakawahesabu kuwa kama wanyama wa mwituni, na hata baadhi ya Wakristo hawakuona kwamba Injili yawahusu. Apolo aliwaza vingine. Alisema kwamba aliambiwa na Bwana wake aende kwao. Akaingia msituni, mzee wa miaka karibu sitini, katika njia za utelezi na mvua na siafu, akaketi chini pamoja nao kambini mwao. Walipohama, aliwatafuta walikohamia. Akajifunza maneno ya lugha yao, na kwa msaada wao sehemu ya Injili ya Marko ikaanza kuandikwa katika lugha hiyo. Wengine walibatizwa kabla yeye hajafa.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe katika Buganda. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu aliyekuwa mvuta bangi katika jeshi. Alikwenda Namirembe, akawashukuru, akarudi msituni.

Mwaka 1933 moyo wake ulidhoofika, akaugua sana. Alipoona kwamba siku zake zimefika, alitaka kuwa Mboga, akafa hapo tarehe 30 Mei. Kanisa alilolianza na watu wachache wa kusoma herufi limeenea tangu siku zile. Mwaka 1972 Boga ilipata askofu wa kwanza wa Kianglikana katika nchi ile, na mwaka 1992 makanisa ya Kongo yakawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Na katika mengi ya hayo watu husali kwa Kiswahili.

Imebaki habari ya kaburi. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu aelekee mashariki. Kwa Apolo jambo hilo lingekuwa na maana mara mbili, maana mashariki ya Mboga, ng'ambo ya Semliki na Toro, ndiko Buganda, nchi aliyozaliwa. Lakini alikuwa amewaagiza watu wake mapema kwamba yeye asilazwe hivyo. Alitaka aelekezwe magharibi, kwenye msitu, ambako bado walikuwako watu ambao hakuwafikia. Basi wazee wa Mboga wakachimba kaburi, wakamlaza kama alivyoagiza, mgongo wake ukiuelekea Uganda na uso wake ukielekea miti.