Jimmy Hogan, Mwalimu wa Mpira

1. Mtoto wa mji wa viwanda

Tarehe 16 Oktoba 1882, katika mji wa Nelson upande wa kaskazini wa Uingereza, alizaliwa mtoto aliyeitwa James Hogan. Watu wote walizoea kumwita Jimmy. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, na asili ya jamaa yao ilikuwa nchi ya Ireland. Mji wa Nelson na mji wa Burnley, ulio jirani yake, ilikuwa miji ya viwanda vya kufuma nguo za pamba. Siku za kazi mashine zilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini Jumamosi mchana kazi ilikoma, na watu wakakimbilia kiwanjani kutazama mpira.

Baba yake Jimmy alikuwa na tumaini moja kubwa: mwanawe awe padri. Kwa hiyo akampeleka Manchester, katika shule ya Mtakatifu Beda. Jimmy alisoma huko mpaka mwaka 1900. Hata hivyo, alipomaliza masomo alitambua kwamba wito wake haukuwa upadri. Si jambo jepesi kwa kijana kumwambia baba yake neno kama hilo. Lakini kumficha kweli kungekuwa kubaya zaidi. Akarudi nyumbani, na baada ya muda akaanza kucheza mpira kwa mshahara.

Labda mtu atafikiri kwamba masomo yale yote yalipotea bure. Tuone kama ndivyo.

2. Swali lisilojibiwa

Jimmy alikuwa mchezaji mzuri, lakini hakuwa bingwa wa kusifiwa na nchi nzima. Alichezea timu ya Burnley, kisha Fulham, kisha Bolton, na nyingine pia. Kitu kilichomtenga na wenzake kilikuwa tabia yake ya kuuliza.

Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa Burnley, aliupata mpira mbele ya goli akaupiga kwa nguvu. Mpira ukapita juu. Baada ya mchezo alimwendea mkubwa wa timu akamwuliza kosa lilikuwa wapi. Je, mguu wake ulikaa vibaya? Je, mwili ulielemea nyuma? Yule mkubwa akamjibu kwamba asijisumbue, aendelee kupiga tu; akipata goli moja katika mipigo kumi, inatosha.

Jibu hilo halikumridhisha Jimmy. Alijiambia kwamba kila kosa lina sababu yake, na mwenye kuijua sababu aweza kulisahihisha. Tangu siku ile akaanza kujifunza mpira kama mwanafunzi ajifunzavyo hesabu, hatua kwa hatua.

Siku zile waongozi wengi wa timu za Uingereza walikuwa na mawazo ya ajabu. Waliwakimbiza wachezaji wao kuzunguka kiwanja, lakini kati ya wiki hawakuwapa mpira. Walidhani kwamba mchezaji akikosa mpira siku nyingi, ataufuata kwa njaa siku ya Jumamosi. Jimmy aliona kwamba si kweli. Mtu asiyeuzoea mpira kati ya wiki, Jumamosi atautuliza namna gani?

Pale Fulham alijifunza jambo jingine. Timu ile ilikuwa na Waskoti waliopenda kupeana mpira kwa pasi fupi, mmoja kwa mwenzake, badala ya kuupiga mbali na kuukimbilia. Jimmy alipenda sana mchezo huo, naye hakuuacha tena.

3. Mwalimu katika nchi za kigeni

Wakati mmoja timu ya Bolton ilisafiri Uholanzi ikacheza na timu ya mji wa Dordrecht. Bolton walipata magoli kumi, Waholanzi hawakupata hata moja. Wachezaji wengine walicheka. Jimmy hakucheka. Aliwaonea huruma wale vijana, akaahidi moyoni mwake kwamba atarudi kuwafundisha. Naye hakusahau ahadi yake: mwaka 1910, kabla hajatimiza miaka 30, alirudi Dordrecht akawa mwalimu wao kwa miaka miwili.

Mwaka 1912 aliitwa Vienna, mji mkuu wa Austria. Aliyemwita ni Hugo Meisl, mtu aliyependa mpira kwa akili kama yeye. Mwanzo haukuwa mzuri. Wachezaji wa Austria hawakumwelewa, tena walinung'unika kwamba anawafundisha mambo madogo mno. Jimmy hakukasirika. Yeye na Meisl wakakaa pamoja, wakatafuta njia bora ya kufundisha. Mwalimu naye alikuwa anajifunza.

Mwaka 1914 Jimmy alihamia Vienna pamoja na mke wake na watoto wake. Lakini mwaka ule ule Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Uingereza na Austria zikawa adui. Jimmy akakamatwa kwa sababu alikuwa Mwingereza, na mwaka 1915 mke wake na watoto wakarudi kwao bila yeye. Alikuwa karibu kupelekwa katika kambi ya wafungwa, lakini ndugu wawili Waingereza, wenye duka kubwa mjini Vienna, wakamdhamini. Akakaa kwao akifanya kazi za nyumbani na kuwafundisha watoto wao mchezo wa tenisi.

Baadaye wakubwa wa timu ya MTK ya Budapest, katika Hungaria, walimwombea ruhusa ya kwenda kwao. Hata huko alitakiwa kujionyesha mara kwa mara kwa polisi. Wachezaji wengi walikuwa vitani, basi Jimmy akaanza kutafuta vijana. Siku moja aliwaona wavulana wawili, György Orth na József Braun, wakicheza katika bustani ya mji. Walikuwa bado wanafunzi. Akawachukua, na kila siku baada ya shule aliwafundisha: kuutuliza mpira kwa mguu wa kulia na wa kushoto, kuupitisha chini kwenye majani, na kutafuta nafasi mara tu baada ya kuutoa. Wote wawili wakawa wachezaji wa taifa la Hungaria. Nayo MTK ikachukua ubingwa mwaka 1917 na mwaka 1918, ikaendelea kuuchukua kila mwaka mpaka 1925, ingawa Jimmy alikuwa ameondoka.

4. Jozi tatu za soksi

Vita ilipokwisha Jimmy alirudi Uingereza akakutana tena na jamaa yake. Hakuwa na fedha. Alisikia kwamba chama cha mpira cha nchi yake kilikuwa kinawasaidia wachezaji walioumizwa na vita, akaenda London kuomba. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakupewa fedha. Alipewa jozi tatu za soksi za askari. Maana yake ilikuwa wazi: wenzake walipigana vitani, na yeye alikuwa akifundisha mpira katika nchi ya adui. Lakini Jimmy hakuchagua kukaa huko. Alikuwa amefungwa na vita.

Alihuzunika sana. Akafanya kazi katika kiwanda cha tumbako mjini Liverpool apate kuwalisha watoto wake. Kisha akafungasha mizigo, akaenda tena ng'ambo kufundisha: Uswisi, Hungaria mara ya pili, halafu Ujerumani.

Katika Ujerumani alitakiwa kuhutubia walimu na wachezaji. Kijerumani chake kilikuwa kibovu, na watu wakaanza kumcheka. Jimmy akaomba wapumzike kidogo. Akatoka nje, akarudi amevaa nguo zake za zamani za kuchezea Bolton. Akavua viatu na soksi mbele ya watu wote, akawaambia kwamba wachezaji wengi hawajui kupiga mpira sawasawa. Kisha akaupiga mpira kwa mguu mtupu, ukaruka ukagonga ubao wa ukuta, na ubao ukapasuka. Hakuna aliyecheka tena. Kati ya vijana aliowafundisha mjini Dresden alikuwamo mtoto mmoja jina lake Helmut Schön. Mlikumbuke jina hilo.

Baadaye Jimmy alifanya kazi tena na rafiki yake Meisl. Tarehe 7 Desemba 1932 Waaustria walicheza na Uingereza mjini London. Walishindwa kwa magoli 4 kwa 3, lakini Waingereza wengi walistaajabia mchezo wao. Mwaka 1936 Jimmy aliisaidia Austria kufika fainali ya michezo ya Olimpiki mjini Berlin, ikafungwa na Italia 2 kwa 1.

5. Nyumbani

Je, kwao hawakumtaka? Mwaka 1934 timu ya Fulham ilimwita awe mwongozi wake. Lakini wachezaji wakubwa waliona haya kufundishwa kama watoto. Baada ya michezo 31 tu aliachishwa kazi, naye wakati ule alikuwa hospitalini, amepasuliwa tumbo. Miaka miwili baadaye timu ya Aston Villa, iliyokuwa imeshuka daraja la pili, ilimpokea. Hao walimsikiliza, na mwaka 1938 walirudi daraja la kwanza wakiwa mabingwa.

Miaka ikapita. Vita Kuu ya Pili ikaja ikaisha. Jimmy alikuwa mzee sasa, lakini aliendelea kufundisha, na hasa aliwafundisha vijana wa Aston Villa.

Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria walikuja kucheza na Uingereza katika kiwanja cha Wembley, London. Mpaka siku ile hakuna taifa la bara la Ulaya lililopata kuwashinda Waingereza nyumbani kwao. Watu wapata 100,000 walijaa humo. Jimmy, mwenye miaka 71, alikuwako pamoja na vijana wake, apate kuwaonyesha mchezo mzuri. Dakika ya kwanza haijaisha, Hungaria walipata goli. Walipeana mpira kwa pasi za chini, wakahama mahali, wakawazunguka Waingereza mpaka hawa wakachoka. Mwisho ulikuwa Hungaria 6, Uingereza 3.

Watu waliuliza Wahungaria wamejifunza wapi mchezo huo. Wakubwa wa Hungaria walijibu kwamba aliyewafundisha ni Mwingereza, naye ni Jimmy Hogan. Siku ile Waingereza wengine walimwita msaliti, kana kwamba aliiba mali yao akaipeleka kwa wageni. Lakini mafundisho yale yale aliwapelekea na wao, naye hakuwanyima. Wao ndio waliofunga mlango. Jimmy hakuwalipa ubaya. Alirudi kiwanjani na vijana wake, akaendelea na kazi.

Alikufa Burnley tarehe 30 Januari 1974, akiwa na miaka 91. Miezi michache baadaye, mwezi wa Julai, Ujerumani Magharibi ilichukua kombe la dunia. Aliyeiongoza alikuwa Helmut Schön, yule mtoto wa Dresden.

Baba yake Jimmy alitaka mwanawe awe mchungaji wa watu. Jimmy hakuvaa kanzu ya padri, lakini maisha yake yote aliwaongoza vijana kwa uvumilivu, wa nchi yake na wa nchi nyingine, bila kuwabagua. Masomo yale ya Manchester hayakupotea.

Maswali

1. Baba yake Jimmy alitaka mwanawe afanye kazi gani?
2. Jimmy alimwuliza nini mkubwa wa timu ya Burnley? Kwa nini jibu halikumridhisha?
3. Kwa nini Jimmy alikamatwa mjini Vienna?
4. Eleza aliyoyafanya Jimmy watu walipomcheka katika Ujerumani.
5. Je, Jimmy alikuwa msaliti? Toa sababu zako.