Mlozi wa Mpata na Kitanzi cha Haraka

Wapo watu ambao historia huwataja kwa maovu yao peke yake, na kwa sababu hiyo hakuna anayejisumbua kuuliza jinsi walivyohukumiwa. Mmoja wao ni Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyenyongwa Karonga, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, mwezi Desemba 1895. Tumeona vema kumkumbuka leo. Nia yetu si kumsafisha, kwani damu aliyoimwaga haisafishiki. Tunamkumbuka kwa sababu kifo chake kina funzo kwa kila aliyekabidhiwa mamlaka juu ya uhai wa binadamu.

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza yanawahusu nini mambo ya ziwa lililo mbali namna hiyo. Yanawahusu sana. Biashara aliyoifanya Mlozi ilielekea pwani, na soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kuharamisha kuwasafirisha kwa njia ya bahari, lakini huko bara misafara haikukoma. Wenye bunduki walizidi kupata nguvu, na wasio nazo walizidi kuwa mawindo.

Mlozi alijenga boma lake Mpata, karibu na Karonga, kusini ya Mto Songwe. Ng'ambo ya mto huo ndiko iliko Kyela, pamoja na Talatala na kata zake nyingine. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule ni ndugu wa asili moja na lugha zao zinasikilizana. Mpaka uliowatenga ulichorwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, mkataba ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Hivyo karatasi moja iliamua mambo ya mkulima wa Songwe na ya mvuvi wa Unguja, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Hapo mwanzo Wangonde walimpokea Mlozi kama mgeni wa biashara. Mwaka 1887 aligeuka akajitangaza kuwa Sultani wa nchi yao. Mwezi Oktoba mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe. Matete yalichomwa moto. Waliokwepa moto walikutana na risasi, na waliojitosa majini walikutana na mamba. Msiba huo haupaswi kusahauliwa na yeyote anayeizungumzia haki ya Mlozi, kwa maana waliokufa Kambwe nao walikuwa na haki, na hakuna baraza lililowasikiliza kabla ya kuuawa.

Vita vilivyofuata kati yake na kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara ziwani viliendelea hadi 1889. Lugard, ambaye baadaye alipata sifa Uganda na Nigeria, alijeruhiwa huko mwaka 1888 alipoongoza shambulio. Oktoba 1889 Harry Johnston alifanya mapatano na Mlozi, na boma likabaki. Miaka sita baadaye Johnston, ambaye sasa alikuwa Kamishna wa himaya ya Uingereza katika eneo hilo, alirudi na mizinga pamoja na askari wa Kisikh kutoka Bara Hindi. Boma lilivunjwa, Mlozi akakamatwa. Aliwekwa mbele ya baraza la machifu wa Wangonde chini ya usimamizi wa Johnston mwenyewe, akahukumiwa kufa, na akanyongwa. Mambo yote hayo, tangu kuanguka kwa boma hadi kitanzi, yalimalizika katika siku chache tu.

Hatusemi kwamba Mlozi hakustahili kushtakiwa. Tunauliza ni nani aliyemhukumu. Johnston alikuwa jemadari wa vita hivyo, na ndiye aliyeisimamia hukumu na kuithibitisha. Machifu waliokaa barazani walikuwa wafiwa, na moshi wa mizinga iliyowaokoa ulikuwa bado haujatawanyika. Wafiwa wana haki kubwa. Katika sheria ya kisasi wanayoijua Waislamu wa Visiwani, wao ndio wenye hiari ya kudai, kupokea dia au kusamehe. Lakini hata sheria hiyo humtaka kadhi alithibitishe kosa kwanza, na mfiwa hawi kadhi. Pale Karonga mshindi, mfiwa na hakimu walikaa kwenye mkeka mmoja.

Wala haikuwa Karonga peke yake. Bushiri alinyongwa na Wajerumani Pangani mwezi Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwezi Novemba 1895, wiki chache tu kabla ya Mlozi. Songea Mbano na wenzake walinyongwa mwaka 1906, baada ya Maji Maji. Baadhi yao twawaita mashujaa na Mlozi twamwita mwovu, lakini kitanzi hakikubagua. Kwa mtawala wa kigeni kamba ilikuwa chombo cha kuonya umma, na hukumu ilitangulia ushahidi.

Watawala hao waliondoka, kamba ikabaki. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeagiza kwamba anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ahukumiwe kunyongwa, na haikumwachia jaji nafasi ya kupima kosa moja na jingine. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili, ila ikaamua kwamba Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, lakini hukumu za kifo zimeendelea kutolewa. Malawi, ambako Mlozi alifia, mahakama iliondoa ulazima wa adhabu hiyo mwaka 2007. Uganda ilifuata 2009 na Kenya 2017. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba ulazima huo katika sheria ya Tanzania unakiuka haki ya kuishi.

Kwa viongozi wa Serikali na wabunge tunasema hivi. Jaji aliyefungwa mikono na sheria anafanana mno na baraza la Karonga, kwa kuwa mwisho wa kesi umekwisha kuandikwa kabla ya mshtakiwa kufungua kinywa kueleza hali yake. Adhabu nyingine zikikosewa, mtu hufunguliwa na kulipwa fidia. Hii ikikosewa, maji yamemwagika, na hayazoleki. Jaji apewe nafasi ya kupima. Mwenye hatia kama ya Mlozi hataponea hapo, kwani ushahidi wa Kambwe ungetosha mbele ya mahakama yoyote. Atakayepona ni yule ambaye, kwa hukumu ya haraka, angefananishwa na Mlozi bila kuwa Mlozi.