Mathias Mnyampala: Mchungaji wa Ng'ombe Aliyeitia Injili Katika Beti

Watoto wetu wa Jabe wakisimama kanisani na kujibizana kwa beti, tunasema hiyo ni ngonjera, tunapiga makofi, basi. Sasa mjue mtu anayetajwa kuwa baba wa ngonjera.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ugogoni, karibu na Dodoma, Tanzania. Nyumbani kwao walisema Kigogo, si Kiswahili. Utotoni alichunga ng'ombe, shule akaipata kwa wamisheni Wakatoliki. Alikuwa mwalimu, akawa karani wa serikali, mwishowe hakimu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia na desturi za Wagogo.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashairi. Siku zile wengi waliona utenzi ni mali ya watu wa pwani, na tenzi nyingi zilisimulia habari za Uislamu. Mtu wa bara, tena Mkristo, angefanya nini? Mnyampala hakuzivunja sheria za wazee. Alijifunza: mistari minne, mizani nane kila mstari, na kina cha mstari wa nne kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ndani ya chombo hicho akatia habari za Yesu. Utenzi wa Enjili Takatifu ulichapwa mwaka 1963, Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Ebu fikiri kazi hiyo: kina usikiache, na habari ya Bwana usiipotoshe!

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi walipeleke kwa wananchi. Mnyampala, kiongozi wa chama cha washairi UKUTA, akatumia ngonjera, mashairi ya watu kujibizana, ili hata asiyejua kusoma asikie na kuelewa. Alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA zikatoka kitabuni mwaka 1970. Mwenyewe hakukishika mkononi.

Wewe wa Bujumbura, Uvira au Kigoma, nyumbani unasema Kirundi, Kifuliiru au Kiha. Usiseme basi Kiswahili kina wenyewe. Mgogo alikijifunza mpaka wenyewe wakamwita mshairi. Tuna shuhuda nyingi zinazokufa pamoja na wazee wetu. Shika kalamu, mpendwa, uziandike wangali hai.